Mbwa Aliyefunzwa na Mlinzi Aliyefunzwa

Kila sifa njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi na viumbe vyote vilivyomo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ama baad. Wasomaji wetu watukufu, yako maswali mawili ambayo yamekuwa yakitufikia msikitini, madrasani na katika vikao vya akina mama. La kwanza ni la wazazi ambao vijana wao wameajiriwa katika ulinzi wa wanyamapori, kisha wakapangiwa kazi ya kuongoza mbwa wa kunusa. Wanauliza: je, yafaa kijana wa Kiislamu aishike kazi hiyo ilhali mbwa ni najisi? La pili ni la wasafiri, hasa wanaokwenda Umra na Hija, ambao mizigo yao hunuswa na mbwa kwenye uwanja wa ndege. Wanauliza: je, kanzu na mabuibui yaliyomo yamenajisika?

Wanavyuoni wetu walitufunza kuwa hukumu ya jambo hufuata kulielewa jambo lenyewe. Basi tutaanza kwa kueleza kazi hii ni ipi, imekujaje hapa kwetu, na mbwa hawa hufunzwa vipi na watu wao hufunzwa vipi. Baada ya hapo tutaingia katika sharia.

Pembe na pwani yetu

Pwani yetu na pembe za ndovu zinajuana tangu kale. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa ikaingia bara, na ilipokuwa ikirudi, pembe zilikuwa mabegani mwa wapagazi. Kutoka Unguja zilipakiwa majahazini na melini zikapelekwa Bara Hindi, Ulaya na Marekani, zikachongwa bangili, vishikio vya visu, vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Hukumu ya biashara ya zama zile si maudhui yetu leo. Tunalotaka kusema ni kuwa njia ile haikufa na misafara. Ilibadilika ikawa njia ya magendo, na lango lake likabaki lilelile, yaani bandari zetu.

Matokeo yake yanajulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndovu wa Kenya walikadiriwa kuwa kiasi cha 167,000. Ilipofika 1989 walikuwa wamebakia yapata 16,000 tu. Mwezi wa Julai mwaka huo serikali ilizitia moto tani 12 za pembe katika mbuga ya Nairobi ili ulimwengu uone, na kabla ya mwaka kwisha mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe za ndovu baina ya nchi na nchi. Ndipo likaundwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Sheria mpya ya mwaka 2013 ikaongeza adhabu za ujangili na magendo hadi kufikia kifungo cha maisha na faini ya mamilioni ya shilingi. Tarehe 30 Aprili 2016 zilichomwa tena tani 105 za pembe za ndovu pamoja na pembe za vifaru. Katika hesabu ya mwaka 2021, ndovu wa Kenya walipatikana kuwa 36,280, na kundi lililo kubwa kuliko yote ni la Tsavo, majirani zetu hapa.

Hata hivyo majangili hawakulala. Mwaka 2014, huko huko Tsavo, aliuawa kwa mshale wa sumu ndovu mashuhuri aliyeitwa Satao, ambaye pembe zake zilikuwa ndefu hata zikikaribia kugusa ardhi. Na mwaka 2015 maafisa wa Thailand na wa Singapore, katika misako miwili iliyofuatana, walikamata zaidi ya tani 6 za pembe zilizofichwa ndani ya shehena za majani ya chai. Shehena zote mbili zilikuwa zimetoka Mombasa.

Hapo ndipo mbwa anapoingia. Bandari yetu hupitisha kwa mwaka zaidi ya makontena milioni moja, yakihesabiwa kwa kipimo cha futi 20. Hakuna binadamu awezaye kuyafungua yote, na lau yangefunguliwa yote, biashara ya nchi ingesimama. Lakini Mwenyezi Mungu amemjaalia mbwa pua yenye zaidi ya vipokezi milioni 200 vya harufu, ilhali ya binadamu ina milioni chache tu. Majani ya chai, kahawa, samaki wakavu au pilipili havimzuii kuipata harufu ya pembe iliyofichwa chini yake, kwa sababu yeye huzitenga harufu moja moja kama vile mpishi hodari anavyoonja pilau akakutajia bizari zilizomo.

Mbwa hufunzwa vipi

Mbwa wa kazi hii wako wa namna mbili. Wako wa kunusa mizigo, na wako wa kufuata nyayo.

Wa mizigo huchaguliwa wakiwa wadogo, na sifa inayotafutwa si ukali. Inatafutwa hamu ya kucheza. Mwalimu humtazama mbwa anavyoutafuta mpira uliofichwa majanini: anayechoka upesi huachwa, na anayeendelea kutafuta hata akisahauliwa huchukuliwa. Kisha mpira ule huunganishwa na harufu. Kipande cha pembe huwekwa ndani ya kisanduku kimoja miongoni mwa visanduku vingi vilivyo sawa. Mbwa anapokinusa kisanduku chenye pembe, papo hapo hupewa mpira wake. Baada ya kurudiarudia, akilini mwake harufu ya pembe huwa ndiyo njia ya kuupata mpira. Hali pembe wala haitamani. Anachokitafuta ni mchezo wake tu. Baadaye huongezewa harufu za pembe za kifaru na magamba ya kakakuona, na visanduku hugeuzwa vikawa masanduku ya safari, magunia, magari na makontena.

Jambo jingine analofunzwa ni adabu. Akiipata harufu harukii mzigo, hauparuzi wala hauumi. Huketi au husimama kimya akiuelekeza uso pale harufu ilipo, akangoja. Mwenye mzigo asiye na hatia haharibiwi kitu chake wala hatishwi.

Wale wa kufuata nyayo kazi yao iko porini. Hupewa harufu ya nyayo au ya kitambaa kilichodondoshwa na jangili, wakaifuata kwa masaa mengi kupita vichaka na mito mikavu, na askari nyuma yao. Katika eneo la Mara Triangle mbwa wa namna hii walianza kazi mwaka 2009, na katika mbuga ya Virunga nchini Kongo wameanza tangu 2011. Virunga ni mbuga kongwe kuliko zote barani Afrika, nayo imepoteza zaidi ya askari 200 waliouawa wakiilinda. Pua ileile inayomfuata jangili yaweza kumtafuta mtoto aliyepotea machungani au mwizi wa ng'ombe, na kwa sababu hiyo wanakijiji wengi waliokuwa wakiwaogopa mbwa hawa wamekuwa wakiwaita wenyewe.

Mafunzo ya mtu ndiyo mazito

Waalimu wa kazi hii husema kuwa kumfunza mbwa ni kwepesi kuliko kumfunza anayemwongoza. Askari wa KWS huanza na chuo chao cha Manyani, katika kaunti yetu jirani ya Taita Taveta kando ya barabara ya Nairobi. Huko hufundishwa ukakamavu, sheria, utunzaji wa ushahidi na namna ya kuishi porini. Wanaochaguliwa kuongoza mbwa huendelea na mafunzo mengine. Tangu 2014 shirika la African Wildlife Foundation limekuwa likiendesha mpango wa namna hii, na kituo chake kiko Usa River karibu na Arusha. Askari wa Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingine hukaa hapo pamoja na mbwa watakaofanya nao kazi, kisha hurudi kwao bandarini na viwanja vya ndege, ikiwemo Mombasa na Nairobi.

Wengi hufika wakiwa hawajapata kumgusa mbwa ila kwa kumtupia jiwe. Jambo la kwanza wanalofunzwa ni kuisoma hali ya mnyama: mkia, masikio, pumzi, hatua inayopungua ghafla. Mbwa hana ulimi wa kusema. Mwongoza mbwa asiyejua kumsoma atampita mnyama aliyekwisha kumwambia kila kitu. Hufunzwa pia kumchunga: kumpa maji kabla hajayataka, kumpumzisha baada ya muda mfupi wa kazi kwa kuwa joto la pwani humchosha haraka na pua iliyochoka hainusi, kumkagua kupe kila siku, na kumkinga na mbung'o anapokuwa porini. Mbwa aliyekasirishwa au mwenye kiu hafanyi kazi, hata akipigwa. Kwa hiyo mafunzo haya humfunza mtu subira kabla hayajamfunza mbwa utiifu.

Mwaka 2018 hapa Mombasa KWS, kwa kushirikiana na mashirika ya WWF na TRAFFIC, ilitangaza majaribio ya njia nyingine. Badala ya mbwa kutembezwa juani kati ya makontena, hewa ya ndani ya kontena huvutwa kwa mashine ikapitishwa katika kichujio. Kichujio hicho hupelekwa mahali pa kivuli na utulivu, mbwa akakinusa. Akiketi mbele yake, kontena lile hufunguliwa. Hivi mbwa mmoja huweza kukagua makontena mengi bila ya kutaabika.

Na katika ulinzi huu wamo wanawake pia. Mwaka 2019 huko Amboseli mabinti wanane wa Kimaasai waliunda kikosi cha askari wa wanyamapori cha wanawake watupu, jambo ambalo halikuwa limezoeleka katika jamii yao. Tunalitaja ili wazazi wajue kuwa swali hili laweza kuja mlangoni mwao kupitia kwa binti kama lijavyo kupitia kwa mwana.

Mbwa aliyefunzwa katika Kitabu na Sunna

Sasa tuje katika sharia. Katika Surat Al-Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu amehalalisha windo linalokamatwa na wanyama waliofunzwa, akataja kuwa elimu wanayofunzwa wanyama hao inatokana na elimu aliyotufunza Yeye. Wanavyuoni wamelizingatia sana jambo hili. Ibn al-Qayyim alilitolea hoja ya utukufu wa elimu: mbwa wawili ni wa jinsi moja, lakini windo la aliyefunzwa ni halali, na la asiyefunzwa ni mzoga. Ikiwa elimu inamtenga mbwa na mbwa mwenziwe, basi itakuwaje kwa mwanadamu?

Mafakihi wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wameweka sharti za kumjua mbwa aliyefunzwa: anapotumwa aende, anapokatazwa asimame, anapokamata amzuilie bwana wake wala asile, na hayo yakariri mpaka ithibitike kuwa amejua. Msomaji ayalinganishe masharti haya na tuliyoyaeleza juu ya mbwa wa bandarini. Ni karibu yaleyale, na yaliandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Imepokewa pia katika Sahihi mbili kuwa Adiy bin Hatim (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mbwa wa kuwinda. Akajibiwa kuwa mbwa akila katika windo, lisiliwe, kwani yakhofiwa kuwa amejikamatia nafsi yake. Tunaomba neno hili lihifadhiwe, kwani tutalirejea.

Ama kufuga mbwa, hadithi zimekuja kuwa anayefuga bila ya haja hupungukiwa na thawabu zake kila siku, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo au wa kulinda shamba. Wanavyuoni wamekisia juu ya hayo kila haja ya ulinzi iliyo ya kweli. Mbwa anayelinda mali ya umma na viumbe visivyoweza kujitetea haja yake ni bayana. Tena mbwa huyu haletwi nyumbani. Ana banda lake kazini, na kijana akimaliza zamu hurudi kwao peke yake. Mama anayehofia nyumba yake kukosa kuingiwa na malaika na atue moyo.

Twahara ya mwongoza mbwa na ya msafiri

Ni kweli kuwa katika madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito, na alipogusa kwa umajimaji huoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo. Lakini najisi kavu hainajisi kikavu. Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu, hakuna cha kuosha. Kinachohitaji kuoshwa ni pale palipopata mate, jasho au maji.

Kwa hiyo twawanasihi vijana wa kazi hii mambo matatu. Wawe na ovaroli na viatu vya kazi visivyoingia msalani wala chumba cha kulala. Wavae glavu wanapomlisha mbwa na kumwosha. Na wawe na nguo safi ya Swala kazini pamoja na chombo cha udongo safi, ili ukiingia wakati wa Swala wasipate udhuru wa kuichelewesha. Hayo si mazito. Muuguzi, mchinjaji na mama mwenye mtoto mchanga nao hukutana na najisi kila siku, wakajitwahirisha wakaswali.

Ama msafiri ambaye begi lake limenuswa, kanuni ni kuwa yakini haiondolewi na shaka. Begi lilikuwa twahara kwa yakini, na kama hakuona unyevu wa pua ya mbwa ukiligusa, basi linabaki twahara, na nguo za ndani ndiyo zaidi. Akiuona unyevu, aoshe pale mahali pake kwa nje kama tulivyoeleza. Asiitie Umra yake wasiwasi, kwani wasiwasi ni mlango wa shetani.

Najisi isiyooshwa kwa udongo

Limebaki jambo ambalo kwetu sisi ndilo zito kuliko hayo. Tumekuwa hodari wa kujikinga na mate ya mbwa, na hilo ni jema. Lakini hebu tuitazame ile pembe iliyofichwa ndani ya chai. Kwa kauli mashuhuri ya madhehebu ya Imam Shafi, mfupa wa mzoga ni najisi na kuuuza hakufai. Juu ya hayo, pembe hiyo ni mali ya umma iliyoibwa, imepatikana kwa kuua kiumbe bila ya haki, na nyuma yake huenda pana askari aliyeuawa, akaacha mjane na mayatima. Katika Surat Al-An'am, aya ya 38, tumekumbushwa kuwa wanyama ni umma mfano wetu. Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu kumfanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya kulengwa. Basi nani aliye karibu zaidi na twahara: kijana aliyeshika kamba ya mbwa akamzuia mwizi, au yule aliyepokea bahasha ili kontena lipite?

Vijana wetu wako bandarini. Wamo makarani, madereva wa malori, wapakiaji na mawakala wa forodha. Majangili hawaji na bunduki mjini. Huja na tabasamu na fedha, wakataka karatasi moja tu ibadilishwe, au mlango mmoja usikaguliwe. Mbwa hawezi kuhongwa, kwani hakitaki chochote ila mpira wake. Lakini kazi ya mbwa hukoma pale anapoketi. Kufungua kontena, kuandika ripoti na kusimama mahakamani kutoa ushahidi ni kazi ya mtu. Mbwa akiketi na bwana wake akatazama pembeni, mafunzo yote ya Usa River na Manyani yamekwenda bure.

Hapa ndipo tunapolirejea lile jibu alilopewa Adiy (R.A.). Mbwa anayejikamatia nafsi yake huhesabiwa kuwa hajafunzwa. Na mlinzi, karani au afisa anayekula katika kile alichowekwa akilinde, naye hajafunzwa, hata akiwa na vyeti vya vyuo vyote. Mafunzo ya amana hayaanzi kazini. Huanza nyumbani, mama anapomuuliza mwanawe kwa upole fedha hizi ametoa wapi kabla ya kuzipokea, na baba anapokataa zawadi asiyoijua asili yake hata kama ni ya kumalizia nyumba au kumwozea binti.

Jawabu letu basi kwa wazazi waliotuuliza ni hili. Kazi ya kuongoza mbwa wa ulinzi yafaa, na mwenye kuifanya kwa nia ya kulinda amana ana thawabu inshallah, maadamu atachunga twahara yake na kumfanyia mnyama wake wema. Tunajua sote kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Ikiwa hayo ni ya mbwa wa njiani, basi mbwa anayetufanyia kazi ana haki kubwa zaidi ya maji, kivuli na mapumziko. Wazazi wasiwavunje moyo vijana wao wala wasiwaonee haya mbele ya majirani. Wawaulize tu kila wanaporudi: umeswali, na umeilinda amana?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi walinzi wetu walioko porini na bandarini, aturuzuku chumo la halali, na atujaalie sisi na watoto wetu kuwa miongoni mwa walioelimika wakaifanyia kazi elimu yao. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.